Namna ya Kutengeneza Friji Lako Mwenyewe na Kumkomesha Fundi

Umeme umekatika magharibi na kurudi papo hapo. Taa zinawaka, feni inazunguka, watoto wa mtaa mzima wameshapiga kelele za "umeruudi!", lakini friji lako kimya. Mtu mwenye hela za kuchezea angempigia fundi. Wewe una bisibisi, una testa na una simu yenye bando. Fundi naye angekuja na hivyo hivyo, kisha adai hela ya ufundi juu ya hela ya spea.

"Baba Asha, tumwite fundi?"

"Fundi si ndiye huyu?"

Jambo la kwanza, usisubiri. Kati ya plagi na soketi pana kile kisanduku cha kulinda friji, na kimewasha taa ambayo hujawahi kuuliza maana yake. Maana yake ni kwamba kinachelewesha umeme makusudi kwa dakika chache, ili presha ya gesi kwenye mabomba ilingane kabla kompresa haijaanza upya. Hayo yameandikwa kwenye karatasi iliyokuja ndani ya boksi, na fundi wa kuzaliwa hasomi karatasi. Ng'oa kisanduku, chomeka friji moja kwa moja ukutani. Utasikia mngurumo mfupi, halafu "tak!", halafu kimya. Hiyo "tak" ni ovalodi, kidude kilicho ubavuni mwa kompresa kinachokata umeme mota inapokwama, isije ikaungua. Hongera. Dakika mbili zilizopita hukuwa na tatizo, sasa unalo. Chomoa, chomeka, chomoa tena.

Wakati huohuo fungua mlango kila mara uone kama baridi imerudi. Friji lililofungwa vizuri hutunza baridi kwa muda wa kama saa 4 bila umeme, na kwa joto la Dar es Salaam mwezi Februari hizo ni saa nyingi mno kumwachia samaki ambaye unaweza kumchungulia.

Kisha livute, ulitazame kisogoni. Mafriji mengi yana koili nyeusi huko nyuma, ndiyo inayotoa joto nje, na ya kwako imevaa vumbi la miaka huku imebanwa ukutani isipumue. Mtoto aliyeshika tochi atashauri ipigwe brashi na friji lisogezwe mbele kidogo. Mkemee. Tangu lini kufagia kukawa ufundi? Usijaribu pia kubana karatasi mlangoni na kuivuta. Ikitoka kirahisi, mpira wa mlango umechoka, na mpira hauna hadhi ya mtu kuuvulia shati.

Baada ya kitambo friji litawaka. Lingewaka lenyewe, maana presha imeshashuka na ovalodi imepoa, lakini sifa ni zako, zipokee. Ita majirani. Na kwa kuwa mkono umeshazoea, kwa nini usilifanyie sevisi kabisa?

Tazama friza: barafu imeganda mpaka droo haivutiki. Wavivu huzima friji, huacha mlango wazi usiku kucha na kutandika matambara sakafuni. Wewe chukua kisu cha nyama. Nyuma ya barafu pana bati jembamba la alumini, na ndani yake vinapita vijia vya gesi. Chimba kwa imani. Ukisikia "fsss", umefika.

Hapa natua kejeli kidogo. Kibandiko cha kompresa kikisema R600a, hiyo ni isobutani, jamii moja na gesi ya mtungi wa jikoni, na inashika moto. Usiwashe kiberiti wala jiko, usiguse swichi yoyote ya hapo karibu, fungua madirisha, toa watoto nje. Haya, tuendelee.

Sasa utasema friji "limeishiwa gesi", kana kwamba gesi ya friji huliwa kama petroli ya bodaboda. Gesi hiyo huzunguka palepale miaka yote ndani ya mabomba yaliyozibwa, na haipungui pasipo tundu. Tundu unalo, la saizi ya ncha ya kisu. Kuliziba, kubadilisha draya inayonasa unyevu, kuvuta hewa yote kwa pampu na kupima gramu chache za gesi mpya ni kazi isiyofanyika kwa testa.

Mpigie fundi. Atakuja, atainama, atanyamaza kidogo, kisha atauliza nani alilishika friji hili kabla yake. Mwambie kuna fundi mmoja wa hapa hapa mtaani, na kwamba hamtamwita tena.