Kingamwili ya Sungura

Bado nawasikia wakicheka. Kwenye kizuizi cha barabara ya Beni kwenda Butembo, askari alifungua boksi langu la barafu, akazamisha mkono hadi kiwikoni, akaibuka na kichupa kidogo kuliko kidole chake cha mwisho.

"Samaki iko wapi?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Wamama waliokuwa wakingoja pikipiki wakasogea.

"Ni kingamwili, mukubwa."

"Ya nani?"

"Ya sungura."

Hapo pikipiki zikasahaulika. Mama mmoja mwenye ndoo ya mihogo akataka maelezo, nami kuulizwa napenda mno. Unachukua kipande cha protini iitwayo NPC1, ambayo ndani ya seli zetu huhamisha kolesteroli. Unamchoma nacho sungura. Mwili wake unakiona kigeni, unaunda kingamwili za kukinasa hichohicho. Unavuna damu, unaichuja. Ila kingamwili haionekani kwa macho, kwa hiyo mbuzi naye anachomwa kingamwili za sungura, anaunda zake za kuzinasa, na hizo za mbuzi ndizo zinazobandikwa rangi. Mbuzi anamsaka sungura, sungura anaisaka NPC1, wewe unatazama inapong'aa. Na kwa nini NPC1? Kwa sababu kirusi cha Ebola humezwa na seli kikiwa ndani ya kifuko, vimeng'enya vya mle vinakichonga, na kikishachongwa tu ndipo kinaweza kuishika NPC1 na kutoroka kifukoni. Seli isiyo na NPC1 hakiiambukizi.

"Ile dawa ya Ebola ilitoka kwa mutu," mama akanikatiza. Alikuwa amefua mashuka kituo cha matibabu wakati wa riposti, ile kampeni ya kupambana na Ebola. "Mutu wa Kikwit. Wewe umeleta ya sungura?"

Ndicho kicheko ninachokisikia.

Na alisema kweli. Dawa hiyo, mAb114, ni kingamwili iliyotokana na damu ya mtu aliyepona mlipuko wa Kikwit wa 1995, nayo huziba palepale kirusi kinaposhikia NPC1. Kuanzia Novemba 2018 ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina pamoja na dawa nyingine tatu, kwa wagonjwa 681. Waliopewa hiyo walikufa asilimia 35. Waliopewa ZMapp, mojawapo ya zile tatu, karibu 50.

Askari akauliza bei. Nilipoitaja, alikirudisha kichupa kwa mikono miwili.

"Kwani sungura hapa hawako?"

Wako tele. Damu ilitoka Kikwit, wagonjwa walitoka hapa, na dawa ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2020, akiba kubwa ikabaki hukohuko. Sungura wangu naye sharti atoke ng'ambo, avuke mpaka wa Kasindi, alipiwe forodha kama gari. Hili sisemi kwa utani.

Butembo nikakuta umeme umekatika na jenereta ya maabara imeazimwa harusini. Nikaifuata. Kichupa kililala kwenye friji ya wapambe, kati ya bia.