Gari langu haliogopi penseli

Aliyeandika maelekezo ya kupaka seramiki kwenye gari hajawahi kupanga Tabata ya Dar. Hilo naapa. Karatasi yake inakuagiza uliingize gari kwenye gereji yenye paa, isiyo na vumbi wala upepo, joto liwe kati ya nyuzi 10 na 25, hewa iwe kavu. Gereji ninayoijua mimi ni nafasi iliyobaki uani kati ya tenki la maji na jiko la Mama Zuwena anayekaanga mihogo, chini ya mwembe. Kamba ya nguo ya wapangaji wote inapita juu ya boneti. Vumbi tunaletewa bure na daladala zinazokwepa mashimo, na nyuzi 25 sisi tunazisikia kwenye utabiri wa hali ya hewa zikisomwa za Njombe.

Lakini utafanyaje? Siku hizi ukikaa kijiweni na wenye magari, hata kama magari yenyewe yametoka Japani yakiwa na umri wa kupata kitambulisho cha taifa, mazungumzo ni seramiki. Ukisema wewe bado unapaka nta, wanakutazama kwa huruma. Wenye fedha wanapeleka kwa mafundi, gari linalazwa huko, linarudi linang'aa likiwa na ankara yake. Sisi wengine tunanunua kichupa tukajipakie nyumbani. Mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, kwa bei ambayo mke wangu nilimtajia nusu yake na bado akatafuta pa kukaa.

Ndani ya kichupa mna misombo ya silika, ukoo mmoja na mchanga na kioo, iliyoyeyushwa kwenye kimiminika kikali kinachodai glavu na barakoa. Ukipaka, kimiminika kinaruka, kinachobaki kinashikana na ile vanishi ya juu ya rangi, ambayo mafundi wanaiita klia, kisha kinakomaa taratibu kwa msaada wa unyevu wa hewani. Unyevu! Kitu pekee ambacho jiji hili halijawahi kutunyima. Ila maelekezo yanasema usizidi, maana ukizidi dawa inakaza kabla hujaifuta. Hakuna kinachomridhisha mtu huyu.

Kwenye boksi wameandika 9H kwa herufi za kampeni, na chini yake garantii ya miaka mitano, ambayo ukisoma maandishi madogo unakuta haihusu mikwaruzo, mawe, ajali, vinyesi vya ndege wala maji ya chumvi. Muuzaji alinigongea boksi kwenye kaunta. "Mzee, hii ugumu wake ni kama almasi." Nikaenda kujisomea. Kumbe 9H ni kipimo cha penseli. Penseli hizi hizi za shule, zinazoanzia 9B iliyo laini, zinapita HB tuliyoandikia darasa la kwanza, zinafika 9H. Mpimaji anailaza penseli nyuzi 45, anaisukuma juu ya rangi. Isipochuna, rangi imefaulu mtihani. Basi. Sasa niambieni, ni nani mjini hapa aliyewahi kushambulia gari la mtu kwa penseli? Watu wanatumia ufunguo, msumari, kona ya mkokoteni wa maji, zipu ya suruali ya mtu aliyeegemea akiongea na simu. Na unene wake? Ikishakauka ni maikroni moja au mbili, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia yenyewe ya kiwandani ina kama 40 au 50, unywele wa kichwani kama 70. Nilipomrudia muuzaji na hesabu hizo akaniuliza, "Sasa mzee, unanunua au unafundisha?"

Nikanunua.

Kupaka ni kazi ndogo. Kazi iko kabla, kwa sababu seramiki inafungia chochote ilichokikuta juu ya rangi, na ukiipaka juu ya uchafu utakuwa umeuhifadhi uchafu kwa gharama kubwa. Kwa hiyo unaosha kwanza. Ukimaliza kuosha, unaambiwa hujaosha. Breki zinaposagika hutoa unga wa chuma ambao hujichomeka kwenye rimu na kwenye rangi, na sabuni haiutoi. Kuna dawa yake ya kupuliza. Ikikutana na chuma inageuka zambarau iliyokolea wekundu na kuanza kuchuruzika.

Gari langu, IST, ni jeupe. Mchuruziko ulitoka kwenye rimu zote, ukapita chini ya bampa, ukashika mfereji wa kuelekea bafuni, mwekundu wa kiza kabisa. Mama Zuwena aliacha mihogo kwenye mafuta. "Baba Amina! Umemgonga nani?" Wapangaji wakatoka. Baba Neema akainama kuchungulia chini ya gari. Mtoto mmoja akapelekwa kuhesabu kuku.

Na harufu je? Dawa hizi kwa kawaida zinatengenezwa kwa thayoglaikoleti, kemikali ile ile iliyomo kwenye dawa za kuzifanya nywele mawimbi, na inanuka mayai viza. Dada wa saluni, mlango wa pili kutoka kwetu, akatoka na kitana mkononi, akanusa mara moja tu: "Nani anapiga kalikiti?" Alisema harufu hiyo anaikumbuka kwa shangazi yake. Nikamweleza hii ni ya magari. Akaniomba kidogo.

Baada ya chuma unaingia kwenye udongo, kipande kinachofinyangika ambacho unasugua nacho juu ya rangi iliyolowa maji ya sabuni, king'oe utomvu wa mwembe, lami na chembechembe. Ili kujua pamebaki wapi, maelekezo yanataka uvae mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na kupapasa bodi. Eti vidole vikiwa ndani ya plastiki vinasikia chembe ambazo mkono mtupu hauzisikii. Ni kweli, vinasikia. Ila mifuko ya plastiki Tanzania ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, na mjumbe wa mtaa anakaa nyumba inayofuata. Ikabidi nivae mfuko wa mkate, ambao sheria iliuacha kwa kuwa ni kifungashio cha chakula. Watoto wakajipanga kumtazama mtu mzima anavyolipapasa gari kwa mfuko wa mkate, tena polepole, tena kafumba macho ili asikie vizuri. Mmoja akaenda kumwuliza mama Amina kama baba anaumwa.

Kisha polishi, maana waosha magari wa barabarani na madodoki yao yenye mchanga waliichora rangi miduara midogomidogo ambayo inaonekana jua likipiga. Nikaazima mashine. Kwetu mita ya umeme ni moja kwa wapangaji wote, na kila mtu anajua friji ya nani inakula kiasi gani. Mashine ilipoanza kuunguruma, Baba Neema alitoka na kiti chake akakaa mbele ya mita. Kila baada ya dakika kadhaa anatangaza. "Arobaini na moja nukta tatu." Kimya. "Arobaini na moja nukta mbili." Mimi nazungusha mashine kwenye boneti, yeye anasoma. Nilipofika kwenye mlango wa nyuma akasema yeye hana gari, ana pasi tu, na pasi anaitumia Jumapili. Buti ililazimika kupigwa polishi kwa mkono.

Ukimaliza unafuta gari zima kwa spiriti ili kuondoa mafuta ya polishi, na hapo ndipo hatimaye unaruhusiwa kufungua kichupa.

Muda wa kupaka kwa pwani yetu ni wa kuiba. Saa kumi na moja alfajiri kuna umande, saa tatu boneti inaunguza kiganja, na dawa hii haitaki maji wala bati la moto. Hapo katikati unaweka matone machache kwenye kitambaa kilichozungushiwa kipande cha sponji, unapaka eneo la kama nusu mita kwa nusu mita, kwa kwenda mbele na kurudi, kisha kwa kukatiza. Unasubiri. Dawa inaanza kutoa rangirangi, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi, na hapo ndipo unafuta. Ukiwahi unaikomba yote. Ukichelewa inakaza na kuacha kidoa cha giza ambacho hakitoki ila kwa polishi, yaani kwa Baba Neema na mita yake. Karatasi inasema subiri dakika moja hadi tatu. Hizo ni dakika za Ulaya. Kwa joto na unyevu wetu, ukipiga chafya imekaza.

Na mwandishi wa karatasi hakuwaza kabisa suala la salamu. Alfajiri ndiyo saa ya watu kutoka kwenda kazini, na hakuna anayempita mtu uani bila neno.

"Shikamoo Baba Amina."

"Marahaba."

"Za kuamka?"

"Nzuri."

"Mama Amina hajambo?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

Mlango wa kushoto umeshakaza.

Utamjibuje mtu kwa mkato? Ukijibu kwa mkato, jioni kikao kinakaa kwamba Baba Amina siku hizi ana maringo tangu alipoanza kulipaka gari mafuta ya uzazi. Nilikuwa nafuta kwa mkono wa kulia, napunga wa kushoto. Kisha akaja bibi mwenye nyumba, ambaye yeye hasalimiwi kwa kupungiwa. Unasimama, unamwamkia, unamwuliza mguu unaendeleaje, na mguu wa bibi una historia ndefu inayoanzia Kilosa. Aliusimulia wote mbele ya madigadi ambayo nilikuwa nimetoka kuipaka. Naitazama dawa inatoa rangi, naitazama inaacha kutoa rangi, naitikia, "Pole bibi, pole sana."

Tena vitambaa. Vitambaa vya kufutia vikishakunywa dawa havifuliki. Silika inakauka ndani ya nyuzi, na ukivirudisha kwenye gari vinakwaruza. Vinatupwa. Jaribuni kumweleza mwanamke anayetafuta tambara la jikoni tangu Pasaka kwamba vitambaa vipya, laini, vyenye pindo, vinatupwa asubuhi ilhali vimetoka dukani jana yake. Mama Amina alivichukua vyote kutoka kwenye pipa bila kuniangalia. Sasa meza yetu ya kioo ina miduara.

Mnasema basi imeisha? Siku ya kwanza gari lisiguswe na tone la maji, na kwa wiki nzima lisioshwe. Wiki nzima, Tabata, chini ya mwembe. Siku ya pili vumbi lilikuwa limetosha kuandikia, na watoto wakaandika SIMBA upande wa dereva na YANGA upande wa pili, kisha wakapigana. Paka wa Mama Zuwena akahamia juu ya boneti kwa sababu sasa ina joto na inateleza vizuri. Na kunguru. Hawa kunguru wetu wenye shingo ya kijivu si wa huku. Waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, ikitarajiwa watausafisha mji kwa kula taka. Wanakula taka kweli, halafu wanakuja kuzimalizia juu ya paa la gari langu. Kinyesi cha ndege kinakula rangi, na seramiki inakupa muda kidogo tu wa kukiwahi kabla hakijazama. Niliambiwa nitapumzika. Badala yake natoka usiku na tochi ya simu kukagua paa, na mlinzi wa jirani ameanza kuniita kamanda.

Nikubali jambo moja, maana mimi si mtu wa chuki. Wiki ilipoisha nikamwaga maji. Maji hayakukaa. Yalijikunja yakawa goroli, goroli zikakimbizana kwenye boneti hadi chini, na gari likabaki kavu. Ua wote ulipiga kelele. Baba Neema mwenyewe alisema, "Rudia." Kila mtu akaleta kopo lake, watoto wakamwagia, bibi mwenye nyumba akamwagia, hadi tenki likaisha maji ya kuogea na furaha ikawa ugomvi.

Lakini maji ya tenki letu ni ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Zile goroli zisizokimbia zinabaki zimekaa mahali pamoja, jua linazikausha, na kila moja inaacha duara jeupe la chumvi. Gari ambalo halijapakwa linachafuka kwa ujumla, unalizoea. Langu linachafuka kwa madoadoa, kwa mpangilio. Kwa hiyo nikishaosha lazima nilikaushe lote kwa taulo kabla jua halijapanda, kazi ambayo kabla ya seramiki sikuwa nayo.

Juzi kwenye foleni, kijana wa bodaboda aliyepakia magunia mawili ya mkaa na tenga la kuku alijipenyeza kati yangu na ukuta. Hendeli ya pikipiki ilianzia mlango wa nyuma ikaishia kwenye taa ya mbele. Alikuwa na adabu, nisimsingizie. Alishuka, akaniamkia, akapitisha ukucha kwenye mchubuko mwanzo hadi mwisho.

"Mzee, hii si ile seramiki?"

Nikamwambia ndiyo.

"Ah, basi una garantii," akasema, akawasha pikipiki, akaondoka na kuku wake.