Sifa za Kihisi Hewa

Wapo wanaosifu mashujaa. Mimi, mwenye duka la steshenari hapa Makuyuni, Korogwe, nakisifu kihisi cha joto cha kompyuta yangu: kile cha mwisho kwenye orodha ya programu ya vipimo, chenye nyuzi 127.

Sifa yake kuu ni msimamo. Alfajiri, baridi ikishuka kutoka Usambara: 127. Saa saba mchana, bati likilia kwa jua: 127. Kompyuta ikiwashwa baada ya kulala usiku kucha, nayo ni 127, ilhali maji huchemka kwa nyuzi 100. Umeme ukatike, urudi, ukatike tena, kauli yake ni moja. Vihisi vilivyomo ndani ya prosesa havina msimamo huo: mara 48, mara 63, hufuata hali ya hewa kama wanasiasa wakati wa kampeni.

Kina adabu, hakilii. Tena kina unyenyekevu usio kifani, maana hakipo. Mazabodi ina pini ya kihisi cha ziada; kiwandani hawakuunganisha kitu, na chipu ikisoma pini tupu hujibu namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti nane, moja ikiwa ya alama. Na si cha kwanza kutia chumvi: mwaka 2017 AMD ilizipa prosesa kama Ryzen 7 1800X nyongeza ya nyuzi 20 juu ya joto halisi, kwa ajili ya mpangilio wa feni.

Ila fundi! Kompyuta ilipoanza kujizima nilimpigia simu. "Namba inasemaje?" Nikamsomea. "Prosesa imeungua, nunua nyingine." Hakuuliza vihisi vingine vinasemaje. Hakusema fungua, tazama feni. Ilikuwa imezibwa na vumbi la barabarani. Brashi ya rangi ikaitibu. Bei ya prosesa alikuwa ameshaitaja!

Tusimwonee peke yake. Mwaka 2016 uhakiki wa serikali uliibua watumishi hewa zaidi ya 10,000. Majina walikuwa nayo, mishahara walikuwa nayo, miili ndiyo haikuwepo. Hawakuugua, hawakuchelewa kazini. Lakini orodha zao hazikujisaini zenyewe: aliyesaini alikuwa na mwili, na kiti.

Hewa waliondolewa. Wenye viti huja dukani kwangu niwachapie taarifa: "Tumekagua, utekelezaji asilimia 100." Tarehe ya ukaguzi ni ya wiki ijayo.