Chafya za Kaka

Nyumba yetu iko Sogea, karibu na barabara kuu ya kwenda Zambia, na anayeijua Tunduma anajua maana yake. Malori ya mafuta hupanga foleni kuelekea Nakonde, ng'ambo ya mpaka, huku injini zikiunguruma. Kuanzia Juni upepo wa baridi huzoa vumbi la vichochoro na kulimwaga juu ya vyombo, kanga na chapati iliyotoka kuiva. Ndiyo sababu baba watoto alileta zulia. Lilikuwa nene, la manyoya, rangi ya damu ya mzee, likafunika sakafu yote ya chumba cha watoto. Yakafuata mapazia mazito, madirisha yakazibwa kwa gundi ya karatasi, na nguo mbichi zikaanikwa humo humo ndani zisije zikachafuka uani.

Katika chumba hicho Kaka, kifungua mimba wetu, akaanza kupiga chafya. Alianza alfajiri kabla ya adhana, moja baada ya nyingine, mpaka machozi yakamtoka. Alisugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, mara nyingi kiasi kwamba mstari mwembamba ulijichora juu ya pua yake. Macho yalimwasha, koo lilimwasha mahali pasipofikika kwa kidole. Dogo, mdogo wake, alilala ubavuni pake, godoro moja, blanketi moja, anakoroma bila habari.

Jirani alisema kinga ya mtoto imeshuka. Shangazi yao akathibitisha kwa simu kutoka Vwawa. Basi mlonge ukaingia kwenye uji, kitunguu saumu kikatafunwa kibichi, asali ikachanganywa na tangawizi, ubuyu ukanunuliwa kwa kilo. Mtoto akanenepa. Chafya zikabaki pale pale.

Ndipo mama mkwe wangu alipoteremka kutoka kijijini kwake Mbozi na mfuko wa majani ya mkaratusi. Bibi haendi mahali kutalii. Alivua viatu, akapokea shikamoo zake zote, akaagiza sufuria kubwa. Jioni ile alijifunika blanketi pamoja na Kaka, sufuria ikifuka mvuke katikati yao, juu ya zulia. Dogo alitaka kujua kilichomo. Akapenya kwa nyuma kwa kutambaa, akakanyaga ncha ya blanketi, na sufuria ikalala chali. Mungu alisaidia, maji yalikimbilia ukutani na hakuna aliyeungua, lakini ningemwomba kila mzazi asiweke maji ya moto karibu na mtoto kwa sababu ya pua. Zulia lilikunywa yote. Palikuwa na baridi, pa kulianika hapakuwepo, likaachwa likauke lenyewe. Halikukauka. Chumba kikanuka uvundo, na Kaka sasa akawa analala mdomo wazi, pua zote mbili zimeziba.

Baba watoto hakuomba ushauri. Aliliburuta zulia mpaka uani, akalitupa juu ya ukuta. Asubuhi jua lilipotoka Bibi alichukua ufito akalicharaza, na wingu lililotoka humo lilimfanya na yeye apige chafya. Madirisha yakafunguliwa, godoro likatolewa juani. Usiku uliofuata nyumba ilikuwa na utulivu ambao tulikuwa tumeshausahau.

Maelezo tuliyapata kwa mdogo wangu, anayesomea maabara Dar es Salaam, alipokuja likizo. Watoto humwita Mamdogo. Alisema vumbi la barabarani linakera pua ya mtu yeyote, lakini lililomtesa Kaka ni wadudu wa vumbi la ndani, wadogo mno kuonekana kwa macho. Hula magamba ya ngozi yanayotudondoka, na maji huyafyonza kutoka kwenye unyevu wa hewa. Kiangazi chetu kikavu hakiwafai. Zulia, nguo mbichi na madirisha yaliyozibwa viliwafaa.

Hapo Bibi akauliza swali ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika nyumba hii. "Na Dogo je, mwanangu? Si amelala na wadudu hao hao?"

Mamdogo akavuta kigoda. "Kinga ya Kaka haijashuka, Mama. Haina wa kuituliza."

Nimelisikia somo lile mara nyingi tangu siku hiyo, na bado linanishangaza. Sote tulikuwa tukidhani mwili una askari tu, na kwamba afya ni kuwa na askari wengi. Kumbe kati ya chembe nyeupe za damu ziko nyingine ambazo kazi yake ni kuzuia. Mjapani Shimon Sakaguchi alizitambulisha mwaka 1995, akionyesha kwamba panya akiondolewa chembe hizo mwili wake hujigeuka na kujishambulia. Mwaka 2001 Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell waligundua kwamba ugonjwa mkali wa aina fulani ya panya unatokana na hitilafu katika jeni moja, ile inayoitwa FOXP3. Watoto wa kiume wanaozaliwa na hitilafu katika jeni hiyo hupata kisukari, kuharisha kusikokoma na ukurutu, na damu yao hujaa IgE, ambayo ni kingamwili ya mzio. Mwaka 2025 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Chembe hizo huitwa seli T dhibiti, na zinafanya kama mjumbe wa nyumba kumi anayefika kwenye ugomvi kabla majirani hawajaokota mawe.

Kwa Kaka mjumbe anachelewa. Kinyesi cha mdudu kinagusa utando wa pua, seli T nyingine zinapaza sauti, seli B zinaitikia kwa kutengeneza IgE. IgE hiyo inajishikiza kwenye seli zilizojaa vifuko vya histamini. Siku kinyesi kile kikirudi, vifuko vinapasuka ndani ya dakika chache, na chafya ndiyo hiyo. Kwa Dogo je? Hapa ndipo Bibi alipoinua kichwa. Mwili wa Dogo nao unawajua wadudu wale. Watafiti wa Davos, Uswisi, walichapisha mwaka 2004 kwamba watu wenye afya na wenye mzio wote wana seli zinazotambua kitu kile kile. Tofauti ni uwiano. Kwa mwenye afya zinazotuliza ndizo nyingi, na hutoa kemikali ya interleukini 10 inayopoza zile nyingine. Mwaka huo huo watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kwa wenye mzio wa chavua ya nyasi, seli za kutuliza huzidiwa hasa msimu wa chavua unapowadia.

Malori nayo yana sehemu yao. Majaribio ya Los Angeles katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba chembechembe za moshi wa dizeli zikiingia puani pamoja na kitu chenye kuleta mzio, IgE huongezeka sana. Nikiwaza foleni yetu na watoto wanaopita kando yake kwenda shule, nachukia, na natamani wakubwa wa mipaka waihesabu pua ya mtoto wanapohesabu muda wa lori kuvuka.

Kisha Mamdogo, kwa nia njema, akasimulia habari za Entebbe. Huko Uganda wajawazito wapatao 2,500 waliandikishwa kati ya 2003 na 2005, wengine wakapewa albendazoli na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Watoto wa waliotibiwa minyoo walipata ukurutu zaidi. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba mnyoo huishi muda mrefu mwilini kwa kuziamsha seli za kutuliza, na utulivu huo humfaa hata mwenye mwili.

Bibi hakusema neno. Lakini siku shule ilipogawa dawa za minyoo, Kaka hakuonekana darasani. Alikuwa kule Mpemba na bibi yake, wananunua mahindi.

Ugomvi uliozuka ulidumu hadi usiku. Mamdogo alikaribia kulia. "Mama, mnyoo unanyonya damu ya mtoto, unamdumaza. Walipojaribu kutibu minyoo kwa nguvu zaidi kwenye visiwa vya Ziwa Viktoria, mzio haukuongezeka. Anayetaka utulivu wa mnyoo atautafuta mahali pengine." Nami niko upande wake kabisa. Kidonge alikimeza kesho yake, mbele ya baba yake. Hospitalini alipewa dawa ya kupuliza puani yenye steroidi kidogo, ya kutumia kila siku, hata siku asiyopiga chafya. Blanketi linafuliwa kwa maji ya moto kila wiki. Zulia halikurudi.

Bibi aliridhishwa na jambo jingine alilolisikia kwa Mamdogo. Mwingereza David Strachan aliandika mwaka 1989, kwa kuwafuatilia watoto zaidi ya 17,000 waliozaliwa wiki moja ya Machi 1958, kwamba kadiri mtoto anavyokuwa na ndugu wakubwa wengi ndivyo mafua ya mzio yanavyompata kwa nadra. Kifungua mimba hana wa kumtangulia. Na Wajerumani waliochunguza damu ya vitovu mwaka 2009 walikuta seli dhibiti nyingi zaidi kwa watoto ambao mama zao waliishi shambani penye mifugo wakati wa ujauzito.

"Rudia hilo la mwisho," Bibi alisema, akimtazama wifi yangu, ambaye ana mimba yake ya kwanza na anaishi ghorofani mjini Mbeya.

Siku ya kliniki wifi alimuuliza nesi. Nesi alisema hewa ya Mbozi ni njema, lakini ng'ombe wana ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza watu kwa maziwa mabichi na kwa maji ya uzazi, na mjamzito asicheze nao. Wifi atakwenda Desemba. Ameweka sharti kwamba maziwa yote yatachemshwa, na ng'ombe akizaa ataitwa mtu mwingine.