Shangazi Akujibu: Kiambatisho Hiki Nikifungue?

Wiki hii mfuko wa barua umejaa kompyuta. Wenye mashemeji wanaokopa bila kulipa wasubiri zamu yao.

*Shangazi, nilipata imeli yenye kichwa "Bonasi ya Ziada". Ndani mlikuwa na faili liitwalo Bonasi.pdf. Nililibonyeza likakataa kufunguka, nikaendelea kulibonyeza hadi chai ikapoa. Sasa marafiki zangu wote wanasema nimewatumia bonasi. Nifanyeje?*
Mkulima Mwenye Matumaini, Litein

Mpwa wangu, pole kwa bonasi. Wewe wajua karani wa kituo cha chai hapimi gunia kwa kumtazama usoni aliyelileta. Huyamwaga majani, akatafuta majani mawili na kichipukizi, na yaliyokomaa akayarudisha hata kama ni ya mama mkwe wake. Wewe ulisoma jina la mtumaji ukaridhika, na jina la mtumaji huandikwa na yeyote apendaye.

Tena Windows, usipoiagiza vingine, huficha herufi za mwisho za jina la faili. Ulichokiona kuwa Bonasi.pdf huenda ni Bonasi.pdf.exe, nayo hiyo ni programu, si waraka. Fungua dirisha la mafaili, bonyeza View, kisha uwashe File name extensions. Ukiona .exe, .vbs, .js au .scr kwenye imeli, futa. Na faili la .zip ambalo paswadi yake imeandikwa katika imeli hiyo hiyo ulishuku maradufu: mara nyingi hufungwa hivyo ili kikaguzi cha barua kisione kilichomo.

Kwa sasa chomoa intaneti. Agiza Defender, iliyo ndani ya Windows tayari, ikague kompyuta yote. Badilisha paswadi kwa kutumia kifaa kingine, ukianza na ya imeli. Kisha wapigie marafiki simu, maana imeli yako hawataiamini tena, na wako sahihi.

*Shangazi, mume wangu ni mwalimu mstaafu. Nimekuta katibu wa chama chetu amemtumia imeli yenye kiambatisho "Picha Zetu". Mzee anaapa kwamba ni kirusi. Nimwamini?*
Mke Aliyekasirika, Bomet

Mama, historia iko upande wa mzee, kwa sasa. Tarehe 4 Mei 2000, watu duniani walianza kupokea imeli iliyosema "ILOVEYOU", kutoka kwa wakubwa wao kazini, wateja, hata majirani waliokuwa hawasalimiani. Kiambatisho kiliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na wengi waliona sehemu ya .TXT tu. Aliyekifungua aliharibiwa picha zake, kisha kirusi kikajituma kwa kila aliyekuwa katika kitabu chake cha anwani. Bunge la Uingereza lilizima mfumo wake wa imeli. Onel de Guzman, kijana wa Ufilipino aliyekitengeneza, hakufungwa, kwa kuwa nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo. Sisi hapa Kenya tunayo tangu 2018, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao, kwa hiyo asiwepo mpwa wa kupata wazo hapa.

Basi mpigie katibu simu, umuulize kwa upole kama alituma kitu. Kisha waulize wanachama wengine. Kama chama kizima kimepokea "Picha Zetu", ni kirusi, mpikie mzee kimyet, ugali wetu. Kama ni yeye peke yake aliyepokea, niandikie tena, lakini siku hiyo hatutazungumzia kompyuta.

*Shangazi, kuna kampuni imenitumia fomu ya kazi ya Word. Inasema nibonyeze Enable Content ndipo niisome. Nahofia kupoteza nafasi.*
Msaka Kazi, Kapkatet

Mwanangu, uliomba kazi huko? Hukuomba. Basi nafasi unayohofia kupoteza ni ya kuibiwa. Kitufe hicho huruhusu makro, yaani amri zilizofichwa ndani ya waraka, na kirusi Melissa kilipita njia hiyo hiyo Machi 1999. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, ndiyo maana matapeli siku hizi hukubembeleza uondoe kizuizi kwa mkono wako. Fomu ya kazi husomeka bila kuomba ruhusa. Ukiona neno "haraka" au "leo tu", ndipo hasa uketi unywe chai kwanza.

*Mjukuu wangu, kijana wangu aliye Qatar aliniletea kompyuta. Naifunika kwa kitambaa cha kushona na kuiombea kila jioni. Je, virusi vitaingia?*
Gogo, Sotik

Gogo, chamgei! Maombi uendelee nayo. Kitambaa huzuia vumbi, ila kitoe kompyuta ikiwaka, isije ikashika joto. Mwambie mjukuu aliye karibu aruhusu masasisho kila yanapokuja. Kama ni Windows 10, Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo aihamishie kwenye toleo jipya ikiwa mashine inakubali. Picha za harusi na hati za shamba azinakili kwenye diski ya nje, kisha *aichomoe* aiweke kabatini. Kuna virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, navyo hufunga pia diski iliyoachwa imechomekwa. Mwenye nakala kabatini hana haja ya kumlipa mtekaji, na anayelipa hana hakika ya kurudishiwa chochote.

Tangazo: Barua kwa Shangazi ziandikwe ndani ya imeli yenyewe. Msomaji aliyetuma "Shida Zangu Zote.zip" aitume upya kwa maneno, au anipigie simu aeleze. Halikufunguliwa, na halitafunguliwa.