Sifa za Brashi ya Nguruwe

Kakamega hatuna uchoyo wa sifa. Fahali wa Isukha na Idakho akienda uwanjani kupigana husindikizwa na isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kuku naye ana heshima yake: mgeni asiyechinjiwa kuku bado hajafika. Nguruwe peke yake ndiye hajapigiwa hata debe. Hufungwa kamba mguuni chini ya mpera, hulishwa maganda na masalio, huuzwa kulipa karo, na siku mwenye shahada anaposhukuru wote waliomsomesha, yeye hatajwi. Leo nimesimama kumsifu, tena si yeye mzima. Nasifu kile ambacho hata mchinjaji hukimwagia maji ya moto, akakikwangua kwa kisu na kukisukumia mtaroni: nywele zake. Zikifungwa kwenye mpini huwa brashi ya kunyolea ndevu, na mtu anayeacha povu la kopo ili ahamie kwenye brashi hiyo afaa aambiwe mapema neema zinazomngoja.

Neema ya kwanza ni harufu. Brashi mpya ikiguswa na maji ya moto hukumbuka kwao. Bafu zima hunuka mnyama aliyelowa, na wa nyumbani huuliza ni nani aliyeacha mlango wazi. Msiitukane. Manukato ya dukani huficha yalikotoka. Brashi hii hukutajia ukoo wake kabla haijakugusa uso. Ipake sabuni, itoe povu, isuuze, iache ikauke, kisha urudie. Baada ya siku kadhaa itakuwa imesahau zizi.

Neema ya pili ni ugumu. Kijana mmoja kinyozi mjini aliiona yangu, akaipapasa kwa kidole, akaniuliza kwa adabu zote: "Mzee, hii si ya kupaka ukuta?" Hakuwa mbali na ukweli, kwa maana brashi nyingi nzuri za rangi hutengenezwa kwa nywele hizohizo. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na katika wiki za mwanzo hicho kidonda utakisikia mashavuni. Hata hivyo ugumu huo una kazi. Ndevu zetu hujikunja, na ncha iliyokatwa ikirudi ndani ya ngozi huzaa vipele vya kidevuni. Nywele ngumu huziinua ndevu, hukwangua ngozi iliyokufa na kulifikisha povu kwenye mashina. Sisemi kwamba hutibu vipele, na ngozi iliyokwisha kuchubuka isiguswe nayo kabisa. Nasema tu kwamba wembe unaokuta ndevu zimelowa na kusimama, ukazifuata zinakoelekea, hauna sababu ya kugombana na ngozi.

Neema ya tatu ni ukarimu: hugawa nywele zake bure. Utatoka bafuni na unywele mmoja mweupe umeganda shavuni, ufike kanisani watu wakupishe kiti kwa heshima ya mvi usizokuwa nazo. Usihofu. Zinazotoka ni zile fupi ambazo gundi haikuzishika, na zikiisha, kugawa hukoma. Ikiendelea kumwaga mwezi baada ya mwezi, hapo sifa zangu hazimo. Gundi yake ni mbaya.

Neema ya nne ni kiu. Brashi za bei kubwa za Ulaya hutengenezwa kwa manyoya ya mnyama aliye jamaa wa mbali wa nyegere, nayo huhifadhi maji baina ya unywele na unywele. Unywele wa nguruwe huyanywa yakaingia ndani yake. Kwa hiyo iloweke kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu unapoanza kuoga, ukimaliza utaikuta imelegea. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji; mwenye brashi hii hutia maji hata kabla mwenzake hajaketi. Maji yanayochemka ni marufuku, kwani hulegeza gundi. Kisha utasugua sabuni, povu litajaa hadi mpinini, utalipeleka usoni, nalo halipo! Brashi imelimeza katikati na kulishikilia. Ongeza sabuni, ikandamize kidogo kwenye shavu, itatema. Baadaye, ikishazoea, povu la mara moja litakutosha kunyoa na kurudia.

Neema ya tano ni kwamba hukufundisha hali ya hewa. Mji wetu hupata mvua nyingi, na ya alasiri huja bila kubisha hodi. Brashi iliyofungiwa kwenye mfuko ikiwa mbichi hupata ukungu. Ikung'ute, iweke mahali penye hewa, na usimwazime mtu. Kitu kinachogusa uso na wembe ni cha mtu mmoja, na vinyozi waliacha zamani kushirikisha watu wembe kwa sababu tunazozijua wote.

Wanaoidharau wakumbushwe historia. Vita Vikuu vya Kwanza vilipovuruga biashara ya manyoya ya bei kubwa, soko lilijaa brashi za nywele za farasi zilizotengenezwa zifanane nayo. Nyingi hazikuwa zimesafishwa kuua vijidudu, na askari wa Uingereza na Marekani waliojinyoa kwazo wakapata kimeta, ugonjwa uleule unaotutisha kwa ng'ombe. Mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Brashi ya nguruwe isingeweza kujifanya nyingine kwa urahisi hivyo, harufu ingeisaliti. Katika Vita Vikuu vya Pili ikapanda cheo. China ndiyo iliyokuwa ikiuza nywele nyingi za nguruwe, na Japani ilipoziba njia zake, ndege za Marekani zilizopeleka shehena China juu ya Himalaya zilirudi India na tungsteni, bati na nywele za nguruwe. Marubani walihatarisha roho kwa kitu ambacho sisi tunakisukumia mtaroni.

Sifa nazo zina mpaka wake. Mumias, ndani ya kaunti hii hii, Uislamu una mizizi tangu misafara ya wafanyabiashara Waswahili wa karne ya 19, na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, nguruwe ni najisi pamoja na nywele zake. Wanazuoni wa Kihanafi waliwaruhusu mafundi wa viatu kushonea unywele huo kwa dharura. Ndevu si dharura. Mwaka 2017 maofisa wa Malaysia walikamata zaidi ya brashi 2,000 za rangi zilizoshukiwa kuwa za nguruwe na kuuzwa bila alama ya kuzitambulisha. Kujua ni haki ya mnunuzi, na hata huku kwetu muuzaji angepaswa kusema anauza nini. Asiyeitaka ya nguruwe ana brashi ya nyuzi za plastiki: hainuki, hailowekwi, ni laini tangu siku ya kwanza.

Ila ulaini wa siku ya kwanza hauna pa kwenda. Chukua unywele mmoja wa brashi iliyotumika, uutazame dhidi ya mwanga wa dirisha. Shina lake bado ni nene na gumu, lakini ncha imepasuka ikawa mbili, mara nyingine tatu, nyembamba kuliko jicho linavyotaka kuamini. Kila unyoaji na kila msuguano huzidi kuzipasua ncha hizo, hadi brashi iliyochoma kama ufagio wa chelewa inaanza kukubembeleza. Vitu vingi bafuni huanza kufa siku vinaponunuliwa: wembe hubutuka, sabuni huisha, taulo hukwaruza. Hiki kimoja huchakaa kikielekea uzuri. Kasoro zake zote nilizozitaja ni umri mdogo tu.

Katika nchi hii kunyoa ni jambo la watu wengi. Baada ya mazishi, Waluhya huketi siku ya kunyolewa nywele. Madeni ya marehemu hutajwa, wadai husikilizwa, na mali hupata wa kuiangalia. Kikao hicho humtaka mwenyekiti asiyeshtushwa na harufu ya mambo ya zamani, asiyechukia maneno yanayochoma, na anayejua kungoja hadi mambo yalainike. Mkikosa wa kumchagua, ulizeni ni nani kijijini ameishi na brashi ya nguruwe hadi ikalainika. Huyo mpeni kiti.