Dhahabu ya Mwalimu

Endarasha ni nchi ya viazi, kabichi na baridi inayoteremka kutoka Aberdare bila kubisha hodi. Mtu akipata dhahabu huko, habari zinamtangulia Mweiga. Kwa hiyo mwalimu mmoja mstaafu aliposhuka kwenye matatu amekumbatia fremu iliyofungwa kwa blanketi, vijana wa stendi walikuwa wameshajua kilichomo ndani, na bei wameshaipanga.

Ilikuwa tuzo ya santuri ya dhahabu, ya albamu moja ya mwimbaji Al Green ya miaka ya 70 mwanzoni.

"Mwalimu, hiyo ni dhahabu ya kuyeyusha?" aliuliza mmoja.

"Ni ya kuangalia," alijibu.

Wakamhurumia.

Tuzo hizi zina historia yake. Mnamo 1942 kampuni ya RCA Victor ilimpa Glenn Miller nakala ya "Chattanooga Choo Choo" iliyopakwa rangi ya dhahabu, na ilikuwa mbinu ya kujitangaza tu. Chama cha kampuni za kurekodi muziki Marekani, RIAA, kilianza kuthibitisha mauzo 1958, na enzi hizo wimbo mmoja mmoja ulipaswa kuuza nakala milioni moja. Wimbo wa Percy Sledge wa 1966, "When a Man Loves a Woman", ndio ulioiletea kampuni ya Atlantic tuzo yake ya kwanza ya aina hiyo. Wakusanyaji huzitafuta zaidi fremu za kati ya 1964 na 1975 hivi, zenye kitambaa cheupe nyuma ya santuri. Cha Mwalimu hakikukaa cheupe muda mrefu: kilitundikwa sebuleni karibu na jiko la makaa, na kufikia msimu wa mvua kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Sonara mmoja wa Karatina aliikagua kwa macho tu, akacheka. Ni chuma kilichopakwa, na dhahabu yenyewe haitoshi hata hereni moja ya mtoto. Mwalimu hilo alilijua. Kilichomnyima usingizi ni kingine. Jioni moja stima ilipopotea, alimulika fremu kwa tochi akaanza kuhesabu mistari mipana inayotenganisha nyimbo. Lebo inataja nyimbo tano. Santuri ina saba. Nani huyo anayeimba chini ya jina la Al Green?

Hakuna aliyemtapeli. Watengenezaji wa tuzo mara nyingi walichukua santuri yoyote iliyokuwa karibu, wakaipaka dhahabu, kisha wakabandika lebo ya mshindi. Huenda basi sebuleni Endarasha kuna mwimbaji asiyejulikana aliyepata tuzo bila kuuza hata nakala moja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo sehemu tamu ya mchezo mzima.

Aliyejaribu kumtapeli kweli ni muuzaji wa mtandaoni, aliyemletea tuzo ya RIAA ya Marvin Gaye, "I Heard It Through the Grapevine", ya 1968. Mwalimu alisahihisha kama daftari la darasa la nne. Motown, kampuni iliyotoa wimbo huo, haikukubali RIAA ikague vitabu vyake vya mauzo hadi miaka ya 70 ikielekea ukingoni. Kabla ya hapo ilijitengenezea tuzo zake yenyewe. Muuzaji alipata sifuri.

Majirani wanauliza kwa nini hatundiki mtu wa nyumbani, mwanamuziki Joseph Kamaru kwa mfano, mzaliwa wa Murang'a. Anabadilisha mada. Mwaka 1969 Kamaru alitoa "Ndari ya Mwarimu", wimbo kuhusu walimu na wasichana wa shule, na walimu walichemka hadi wakatishia kugoma. Mwalimu ana kumbukumbu ndefu.

Kisha ikaja harambee ya paa la kanisa. Mama watoto, aliyeombwa atoe chochote cha kupiga mnada, alitazama ukutani akaona kitu kikubwa, kinachong'aa, kisicholiwa. Mwalimu alifika amechelewa akakuta Al Green amenyanyuliwa juu na mwendesha mnada, anayetangaza "saa nzuri sana, haina mishale tu." Dau lilikwama kwenye shilingi mia nne. Mwalimu akainua mkono, akanunua mali yake kwa mia tano, taslimu, mbele ya padri.

Jogoo aliyetangulia alikuwa ameuzwa elfu mbili.